Kinyota Kilichomeza Yuniti 30

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta kazini

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja: namba uliyoikadiria utaiwekaje alama kwenye Excel bila fomula kuharibika. Tumezijibu pamoja. Anayetumia Google Sheets au LibreOffice Calc asiruke, maana tofauti tumezitaja pale zilipo.

Mimi ni katibu wa wapangaji wa jengo la nyumba nane. Mwisho wa mwezi nasoma mita za maji na kujaza Excel. Mwezi huu nyumba mbili zilikuwa zimefungwa, nikakadiria na kuweka kinyota ili nikumbuke. Safu yangu inasomeka hivi: 14, 11, 18\*, 9, 16, 12\*, 13, 10. Mita kuu inaonyesha yuniti 105 lakini Excel inanipa jumla ya 73. Mwenye nyumba anataka kuita fundi achimbe kutafuta bomba linalovuja. Tumekosea wapi? (Katibu, Mombasa)

Asichimbe kwanza, Ndugu Katibu. Kwa Excel, 18\* si namba. Ni maandishi, sawa na kama ungeandika "embe". SUM ikikutana na maandishi ndani ya eneo ililopewa inayaruka bila kusema neno. Jumlisha namba sita zilizobaki na utapata 73 hiyo hiyo. Ukirudisha 18 na 12 unapata 103, na upungufu dhidi ya mita kuu unakuwa yuniti 2 badala ya 32. Wastani nao umepotoka: AVERAGE inakupa 12.17, kumbe ni 12.88, kwa sababu imegawa kwa sita wakati nyumba ni nane.

Ubaya wake ni huo ukimya. Ungejumlisha kwa kuunganisha seli moja moja, =B2+B3+B4 na kuendelea, ungepata ujumbe wa kosa, #VALUE!, na ungeshtuka mapema. SUM haishtui mtu.

Dalili ya kwanza huonekana kwa macho: namba hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Lakini mtu akishapanga safu nzima ikae katikati, dalili hiyo imekufa. Kwa hiyo weka seli ya ukaguzi chini ya jedwali:

=COUNTA(B2:B9)-COUNT(B2:B9)

COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT inahesabu zenye namba tu. Kwako jibu litakuwa 2. Kwenye safu iliyo salama jibu ni 0. Usiingize kichwa cha safu kwenye eneo hilo, la sivyo kitahesabiwa nacho.

Seli mbili unaziandika upya tu. Mwenye mamia atakimbilia Ctrl+H abadilishe kinyota kuwa patupu, na hapo ndipo penye shimo. Ndani ya kisanduku cha kutafuta cha Excel, kinyota maana yake ni "chochote kile". Ukiandika \* na kuacha kisanduku cha pili kitupu, Excel itafuta kila kilichomo kwenye eneo ulilochagua. Andika ~\* badala yake. Alama ya wimbi inaiambia Excel kwamba unataka kinyota chenyewe. Ukiwa na wasiwasi, tumia safu ya pembeni yenye =VALUE(SUBSTITUTE(B4,"\*","")), kwani SUBSTITUTE inachukua kinyota kama kilivyo.

Namba zikishakuwa namba, alama iwekee safu yake. Safu C ipe kichwa "Hali", na kila mstari uandike H kwa usomaji halisi au K kwa kadirio. Safu D weka sababu kwa maneno machache: "nyumba imefungwa", "kioo cha mita kina ukungu". Sasa unaweza kuuliza maswali ambayo kinyota kisingeweza kuyajibu:

=SUM(B2:B9) inatoa 103
=SUMIF(C2:C9,"H",B2:B9) inatoa 73
=SUMIF(C2:C9,"K",B2:B9) inatoa 30

Kando ya jumla weka =IF(COUNTIF(C2:C9,"K")>0,"K","H"). Jumla iliyobeba kadirio hata moja ni kadirio nayo, na watu husahau hilo wanapoihamishia kwenye ripoti.

Mbona herufi, si kinyota kwenye hiyo safu ya Hali? Kwa sababu ile ile ya Ctrl+H. SUMIF na COUNTIF husoma "\*" kama maandishi yoyote na "?" kama herufi moja yoyote. Ukiweka kinyota kwa makadirio na H kwa halisi, kisha uandike =SUMIF(C2:C9,"\*",B2:B9), utapewa 103 na utaamini kuwa jengo zima limekadiriwa. Inabidi uandike "~\*", na yule atakayerithi faili lako hatajua. Herufi haina mtego huo, na K kubwa na k ndogo kwa SUMIF ni kitu kimoja.

Jambo la mwisho, nalo ni la mita zaidi kuliko Excel. Mita hujumlisha mfululizo. Mwezi ujao nyumba ya tatu ikifunguliwa na mita ionyeshe yuniti 31 tangu usomaji wa mwisho wa kweli, toa 18 ulizokwisha kumtoza, mtoze 13. Usirudi nyuma kubadilisha mwezi uliopita. Risiti zake zimeshatoka.

Safu ya Hali nimeielewa, lakini bosi wangu anataka kuiona nyota kwenye karatasi, ikae palepale kwenye namba. Inawezekana bila kuharibu hesabu? (Msomaji, Arusha)

Inawezekana. Seli ina vitu viwili: thamani iliyomo, na vazi linalovalishwa thamani hiyo inapoonyeshwa. Fomula husoma thamani tu. Kwa hiyo kinyota kiweke kwenye vazi.

Chagua seli, bonyeza Ctrl+1, nenda "Number", kisha "Custom". Kwenye kisanduku cha "Type" andika:

#,##0"\*"

Seli yenye 18 sasa inaonekana 18\*, lakini ukiangalia mstari wa fomula juu utaona 18, na SUM inaihesabu. Kama namba zako zina desimali, andika #,##0.0"\*", la sivyo 12.5 itaonekana 13\* ingawa ndani bado ni 12.5. Kwenye Google Sheets pitia "Format", "Number", "Custom number format". Kwenye LibreOffice ni Ctrl+1 vilevile, kisha "Format code".

Alama za kunukuu usiziache. Kinyota kisicho na nukuu, kwenye lugha ya fomati, kinamaanisha "rudia herufi inayofuata mpaka seli ijae". Herufi kama m, d, y, h na s zisipofungwa kwenye nukuu zinasomwa kama tarehe na saa, na E ni ya namba za kisayansi. Pia usichague k iwe alama ya kuonekana. Huku kwetu 18k ni elfu kumi na nane.

Kinyota cha nyuma kinasukuma tarakimu kushoto kidogo, safu ikaonekana imepinda. Anayekerwa na hilo aweke wimbi mbele:

"~"#,##0;"~"-#,##0

Sehemu ya pili baada ya nukta mkato ni ya namba hasi. Bila hiyo, hasi tano itaonekana -~5, kitu ambacho hakisomeki.

Sasa shida ya vazi. Fomati ni mali ya seli, haifuati namba. Mpangaji akirudi ukapata usomaji wa kweli, 17, ukauandika juu ya 18, seli itaonyesha 17\* na kuendelea kusema uongo mpaka mtu akumbuke kuivua. Na mwingine akinakili safu na kubandika thamani tupu kwa "Paste Values", vinyota vyote vinabaki nyuma na makadirio yanageuka kuwa halisi bila mtu kuambiwa.

Dawa ni kuiacha safu ya Hali ivalishe na kuvua yenyewe. Chagua B2 hadi B9 ukianzia B2, nenda "Home", "Conditional Formatting", "New Rule", chagua "Use a formula to determine which cells to format", andika:

=$C2="K"

Kisha "Format", "Number", "Custom", na uweke 0"\*". Ongeza maandishi ya mlalo ukipenda. Alama ya dola iko kabla ya C tu, isikae kabla ya 2. Ukiandika $C$2, nyumba zote nane zitafuata hali ya nyumba ya kwanza. Ukibadilisha K kuwa H, nyota inatoka papo hapo.

LibreOffice inafanya hivyo kupitia mitindo: unatengeneza mtindo unaoitwa "Kadirio" wenye fomati hiyo, kisha kanuni inauvalisha. Google Sheets haibadilishi fomati ya namba kwa masharti. Inabadilisha rangi, mlalo, uzito wa herufi na mistari tu. Huko tengeneza safu ya kuchapisha, =B2&IF(C2="K","\*",""), na juu yake uandike "ya kuchapisha tu". Safu hiyo ni maandishi matupu. Atakayeijumlisha ataambulia sifuri.

Napokea maziwa ya chama cha ushirika. Mizani ikiharibika huwa nakadiria, na kwa vile sina uhakika naandika 10-12. Siku moja jumla ya asubuhi ilisoma lita 46,085. Tungekuwa matajiri! (Karani, Njombe)

Kicheko tumekipata, Karani, na maziwa yako tumeyapata pia. Excel ilipoona 10-12 ilidhani ni tarehe, ikaandika 10-Dec. Ndani yake tarehe ni idadi ya siku, ambapo siku ya kwanza ni Januari 1, 1900. Desemba 10, 2025 ni siku ya 46,001. Toa hiyo kwenye 46,085 na unabaki na lita 84 za wafugaji wengine. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani ingesoma Oktoba 12, yaani 45,942, na ungepata jumla nyingine ya ajabu.

Ubaya ni kwamba ulichoandika hakipo tena. Ukirudisha fomati kuwa "General" utaona 46001, hutaona 10-12. Wapo wanaoshauri seli igeuzwe "Text" kabla ya kuandika. Tarehe haitatokea, ni kweli, ila unarudi kwenye tatizo la Katibu wa Mombasa: SUM itairuka.

Kadirio la masafa linahitaji namba mbili kwenye seli mbili. Safu B iwe "Chini", C iwe "Juu", D iwe ya hesabu:

D2: =AVERAGE(B2:C2)

Mfugaji aliyepimwa sawasawa unamwandikia namba ile ile kote kuwili, 15 na 15. Uzuri wake ni kwamba huhitaji tena kujaza K na H kwa mkono; E2 iandike =IF(B2=C2,"H","K") na hali inajijua yenyewe. Asubuhi ile ingesoma hivi: chini 94, juu 96, ya kati 95. Malipo yafuate safu D, na mkutano wa chama ukiuliza "kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani", jibu liko kwenye jumla za B na C.

Hizo jumla mbili ni mipaka ya mbali kabisa, lakini. Ukiwa umekadiria wafugaji 40, si rahisi wote wawe wamepunjwa kwa wakati mmoja, au wote wazidishiwe. Jumla ya kweli kwa kawaida huangukia ndani zaidi, karibu na ile ya kati, mradi makadirio yako hayaegemei upande mmoja. Anayekadiria kwa kuangalia ndoo huku mwenye ndoo amesimama mbele yake huwa anaegemea.

Kuzuia yasitokee tena: chagua B na C, "Data", "Data Validation", "Allow" iwe "Decimal", kati ya 0 na kiasi kikubwa ambacho mfugaji mmoja anaweza kuleta, tuseme 60. Hapo 10\* itakataliwa, na 10-12 pia, kwa kuwa 46,001 inavuka 60. Data iliyobandikwa kutoka kwingine hupita bila kukaguliwa, hivyo seli ya ukaguzi ya jibu la kwanza iwepo bado.

Faili tulilorithi lina makadirio yaliyopakwa rangi ya njano, miaka mitatu yote. Fomula gani inajumlisha njano? (Mhasibu msaidizi, Dodoma)

Hakuna fomula ya kawaida inayosoma rangi, na karatasi ikipita kwenye mashine ya fotokopi njano yote inapotea. Igeuze kuwa herufi mara moja, uachane nayo.

Washa kichujio kwa Ctrl+Shift+L, bofya mshale wa safu, "Filter by Color", chagua njano. Ukitaka jumla ya haraka, =SUBTOTAL(109,B2:B400) iliyokaa nje ya mistari inayochujwa itajumlisha inayoonekana tu. Kisha chagua safu ya Hali kwenye mistari hiyo, bonyeza Alt+; (Alt na nukta mkato) ili zishikwe seli zinazoonekana peke yake, andika K, bonyeza Ctrl+Enter. Badili kichujio kiwe seli zisizo na rangi, rudia kwa H.

Kabla hujafunga, chukua mistari michache ya njano uulize wakongwe wa ofisi. Kwenye mafaili ya zamani njano moja huwa imebeba maana tatu: kadirio, "hakijalipwa", na "nimuulize fulani".

Fomu yetu imefungwa na makao makuu. Siwezi kuongeza safu. Nifanyeje? (Msomaji, Kisumu)

Andika kadirio kama fomula ndogo:

=18+N("K: mita imeziba, wastani wa miezi 3")

N ikipewa maandishi hurudisha 0, hivyo seli inabaki 18 kamili, na sababu inasomeka kwenye mstari wa fomula. Inafanya kazi Excel, Sheets na Calc. Ukiwa na karatasi yako ya pembeni, =ISNUMBER(SEARCH("K:",FORMULATEXT(B4))) inakuambia kama B4 ni kadirio; FORMULATEXT ipo kuanzia Excel 2013. Njia nyingine ni dokezo kwa Shift+F2, linalosomeka ukiweka kipanya juu yake, ila fomula haziwezi kulisoma. Vyote viwili hufa faili likibandikwa kama thamani tupu, kwa hiyo waulize makao makuu wanalipokeaje.

Napakua data za mazao kwa ajili ya tasnifu. Faili moja lina safu ya "Flag", jingine lina vitu kama "12.3 e" na ":" ndani ya seli. Nifute herufi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Usifute. Hizo ndizo K na H za watakwimu. La kwanza linafanana na la FAOSTAT, hazina ya takwimu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa: A ni takwimu rasmi, E ni kadirio, I imejazwa kwa mbinu za kitakwimu, X imetoka shirika la kimataifa. Hapo kazi imekwisha, SUMIF inatosha. La pili ni mtindo wa Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya: e ni kadirio, p ni ya muda, b maana yake mfululizo umekatika hapo, na nukta mbili ni kwamba data haipo. Tenganisha kwa safu mbili:

=IFERROR(VALUE(LEFT(B2,FIND(" ",B2&" ")-1)),"")
=TRIM(MID(B2,FIND(" ",B2&" "),5))

Ya kwanza inatoa 12.3, ya pili inatoa e. Palipo na nukta mbili patabaki patupu. Usipajaze 0, maana mwaka usio na data si mwaka usio na mavuno. Na "ya muda" usiichanganye na kadirio. Kinyota kwenye majedwali ya Economic Survey ya Kenya, kwa mfano, ni cha namba za muda zitakazorekebishwa baadaye, kwa hiyo ziwekee herufi yake, M.

Fomula zenu zinakataa kwenye kompyuta yangu. (Msomaji, Bujumbura)

Mpangilio wako ni wa Kifaransa. Weka nukta mkato pale tulipoweka mkato, na kama programu yenyewe ni ya Kifaransa, SUMIF inaitwa SOMME.SI na COUNTIF ni NB.SI: =SOMME.SI(C2:C9;"K";B2:B9). Ukifungua faili lililotengenezwa kwa Kiingereza, majina yanajigeuza yenyewe. Desimali yako ni mkato, kwa hiyo 12.5 itakaa kushoto kama maandishi. Kwenye fomati, elfu hutengwa kwa nafasi: # ##0"\*".

Nikihifadhi kama CSV ili nipakie kwenye mfumo wa ofisi, mfumo unakataa mistari yenye nyota, ingawa nilitumia fomati kama mnavyoshauri siku zote. (Msomaji, Dar es Salaam)

CSV ni faili la maandishi matupu, haina mavazi. Excel ikiitengeneza huandika kile kinachoonekana, kwa hiyo 18 iliyovalishwa 0"\*" inaingia kama 18\*, na 1,250 inaingia na mkato wake. Fanya nakala ya karatasi, futa kanuni za masharti, rudisha safu za namba kuwa "General", ndipo uhifadhi. Safu ya Hali iache iende, mfumo ukiikubali. Kwenye LibreOffice ondoa alama ya tiki kwenye "Save cell content as shown" wakati wa kuhifadhi, na namba zitatoka tupu.